Rangi ya Cheche

Fundi wa baiskeli aliyekuwa jirani wa saluni yetu hakujua kupanda baiskeli. Naanza na hilo kwa sababu watu wengi walimjua miaka na miaka bila kuligundua. Alikuwa akimaliza kukaza spoki, anapangusa mikono kwa kitambaa, anamwambia mwenye baiskeli, "Panda uende mpaka kwa ile nguzo ya stima, urudi." Kisha anageuza uso ukutani kama mtu aliyekasirika, anasikiliza. Baiskeli ikirudi anasema cheni imelegea, ama mpira mmoja wa breki unagusa, na kweli ukiangalia unakuta ni hivyo. Nilidhani ni madoido tu ya ufundi. Siku moja nikamwambia ajaribu mwenyewe. Akanitazama kama nimemwambia aende akacheze densi.

"Mama," akasema, "daktari wa wanyama hahitaji kubebwa na ng'ombe."

Aliniita mama tangu siku ya kwanza, na mimi nilimwita Fundi, kama mtaa mzima wa kwetu hapa Langas. Kati ya saluni na karakana yake kulikuwa na ukuta wa mabati wenye matundu ya misumari. Sisi tulisikia nyundo yake, yeye alisikia umbea wetu. Mteja akizidisha uongo juu ya mumewe, Fundi alikuwa anagonga bati mara mbili, polepole, na saluni nzima inaangua kicheko.

Mimi niliachia shule kidato cha pili nikajifunza nywele. Nina ndoto nyingi. Mama yangu husema kama zingekuwa kuku tungekula mayai kila siku. Miguu yangu ni mirefu, na katika mji huu wa wakimbiaji mtu mwenye miguu mirefu huulizwa anafanya mazoezi na nani. Nilijaribu kukimbia nikiwa shuleni. Nilimaliza nyuma ya mwalimu wa michezo, ambaye alikuwa anatembea. Nilichokitaka mimi kilikuwa baiskeli. Kuna vijana waliokuwa wakishindana na baiskeli za milimani kwenye barabara za murram upande wa Chepkoilel, na kila nikiwaona wakirudi wamejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope, moyo wangu ulikuwa unaenda nao.

Lakini wacha kwanza nimweleze Fundi vizuri.

Alikuwa mkali na hakuwa mkali. Wauza maziwa waliteremka kutoka Ainabkoi na mitungi kwenye kerea za baiskeli zao, wakifika wameshachelewa, wanataka pancha izibwe wakiwa wamesimama. Fundi aliwaambia wakiwa na haraka waende na miguu, baiskeli itawafuata. Hata hivyo alikuwa ameshaanza kutoa tairi kabla hajamaliza kuwatukana. Spana yake moja ndogo hakumwazima mtu, hata mchungaji. Ilikaa mfukoni, na Jumapili ilienda naye kanisani ndani ya koti, na akisimama kuimba unaiona imevuta koti upande mmoja. Lakini mwanamke mmoja wa mboga gurudumu lake lilipokunjwa na mkokoteni, alimpa gurudumu zima, akamwambia ni kuukuu na linamjazia karakana. Halikuwa kuukuu. Nilikuwa nimemwona akilisuka wiki hiyo, spoki moja baada ya nyingine, redio ikiwa imezimwa.

Redio aliizima kila alipofanya kazi ya gurudumu. Alisema gurudumu huimba, na hauwezi kusikiliza watu wawili wakiimba wimbo tofauti. Alizungusha, akagonga spoki kwa kucha, akainamisha kichwa. Vijana wa bodaboda walimcheka. Walimwambia dunia imehamia kwa injini na yeye bado yuko kwa cheni. Aliwajibu kwamba pikipiki zao pia zina cheni, tena chafu.

Alikuwa na upara unaong'aa, na nilikuwa namtania kwamba yeye ndiye mteja pekee mtaani ambaye hatuwezi kumpata. Yeye naye alinitania kwamba nachoma vichwa vya watu. Hapo alikuwa karibu na ukweli. Dawa ya kulainisha nywele ikikaa dakika chache zaidi ya inavyotakiwa, kichwa kinaungua. Kwa hiyo sisi wa saluni tunajua kuvaa glavu, kupaka mafuta mazito pembeni ya ngozi, na kuangalia saa. Hilo lilikuja kutusaidia, kama nitakavyosimulia.

Kwenye ukuta wake, juu ya misumeno, alitundika mkono wa kikombe. Sio kikombe, mkono peke yake, waya wa chuma uliokunjwa. Wageni waliuliza ni nini. Alijibu, "Hicho ndicho cheti changu." Akishajibu hivyo husemi tena mpaka apende kusimulia, na alipenda kusimulia.

Zamani alifanya kazi katika kiwanda cha nguo hapa mjini, kwa karakana ya mitambo. Kulikuwa na tangi ambamo pamba iliogeshwa katika kostiki, ile dawa kali ambayo kina mama hutengenezea sabuni. Siku moja akiwa bado mgeni alitumia kikombe chake cha chai, cha alumini, kuchotea maji ya tangi. Kengele ya chai ikalia, akakiacha humo ndani akaenda kula mandazi. Aliporudi alikuta mkono tu. Kikombe kilikuwa kimeliwa chote, kwa sababu kostiki hula alumini na kuacha chuma. Msimamizi alimwita kila mtu aje aone, na kwa muda mrefu walimwita Kikombe. Mtu mwingine angeutupa ule mkono. Yeye aliubeba mpaka siku kiwanda kilipowaachisha kazi, akautundika karakanani kama picha ya harusi.

Ndiyo maana ilinichukua muda kuamini kwamba mtu huyo huyo anaweza kuficha kitu.

Baiskeli yangu niliipata kwa wale wanaouza za mitumba kutoka ng'ambo. Ilikuwa imepakwa rangi ya kijani, ile rangi ya mlango, kwa brashi, na nywele za brashi zilikuwa zimekaukia humo. Breki zilikuwa zimekufa, uma wa mbele umeshika kutu, gia zimeoza. Lakini niliiinua kwa mkono mmoja nikashangaa. Ilikuwa nyepesi kama beseni. Muuzaji akasema ni alumini, ni ya kizamani, wenye nazo walishakufa. Nikaichukua.

Nilipofika nayo nyumbani ndipo nikaona tatizo. Kiti kilikuwa chini kabisa, na bomba lake lilikuwa limeganda ndani ya fremu. Nilipopanda, magoti yangu yalikaribia kunigonga kidevu. Hauwezi kupanda mlima hivyo. Hauwezi hata kufika sokoni. Kwa hiyo ndoto yangu yote ilikuwa imekwama kwenye bomba refu kama mkono wangu.

Fundi alijaribu yote ya kawaida. Alimwaga mafuta, akasubiri siku tatu. Alifunga bomba kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani, tukazungusha fremu mimi na yeye na wauza maziwa wawili, kama watu wanaosukuma mashine ya kukamua miwa. Halikutikisika. Mchomeleaji wa ng'ambo ya barabara alikuja na mtungi wake wa gesi akasema apashe moto tu na apige nyundo. Fundi alimwambia arudi kwa mageti yake.

Ila alikuwa ameanza kuwaza. Alikwangua rangi kidogo, akapitisha kidole. Akaweka sumaku, haikushika. Akajaribu kupanua nyuma kwa mikono, kama alivyozoea kupanua fremu zote ili gurudumu pana liingie. Ilifunguka, na alipoiachia ikarudi pale pale. Akarudia. Ikarudi. "Hii kitu ina kichwa ngumu," akasema, na kwa mara ya kwanza nilimwona akicheka na chuma.

Baada ya chai aliniambia anachofikiria. Kule kiwandani, sehemu ya kupausha nguo, dawa zilikuwa zinakula mabomba yote. Mwishowe yakaletwa mabomba ya kijivu, mepesi, ambayo hakuna dawa iliyoyaweza. Titaniamu. Kama fremu yangu ilikuwa ya titaniamu na bomba la kiti ni la alumini, basi jibu lilikuwa limetundikwa pale ukutani. Kostiki ingekula bomba na kuiacha fremu, kama ilivyokula kikombe ikaacha mkono. Na kama fremu ni ya alumini, kama alivyosema muuzaji, ingekula vyote viwili.

Njia ya kujua ilikuwa kugusisha fremu kwenye jiwe la mashine ya kunolea. Alumini haitoi cheche. Chuma kisichoshika kutu hutoa za rangi ya machungwa. Titaniamu hutoa nyeupe. Alichagua mahali chini ya fremu, pale pedali zinaposhikia, ambapo jicho la mtu halifiki. Akawasha mashine. Kisha akaizima.

Akaivuta ile spana mfukoni, akairudisha.

"Mama, mimi sioni rangi tena," akasema. "Naona mwanga. Naona mtu akipita. Rangi zimeenda."

Nikasimama pale na glavu za saluni mikononi. Nikakumbuka uso uliogeuzwa ukutani, kucha kwenye spoki, redio iliyozimwa. Nikakumbuka pia ule mkono wa kikombe, makosa aliyotundika kila mtu ayaone. Macho hakuwa ameyatundika.

"Wewe ndio utaniambia," akasema, akawasha tena.

Mashine ikalia. Nikasema ni nyeupe.

Akazima. "Bado sijagusa."

Sikuwa na mahali pa kuficha uso. Nilijua nilichofanya, na yeye pia alijua.

"Unataka iwe nyeupe," akasema. Hakuwa na hasira. "Hata mimi nataka. Lakini ikiwa ni alumini na tumwage hiyo dawa, kesho utabeba fremu yako ndani ya kikombe. Sasa usiniambie unachotaka. Niambie unachoona. Leo hapana. Enda ukalale, uje kesho ukiwa umekula."

Nilienda. Nilikula ugali mpaka mama akauliza kama nina safari.

Asubuhi nilisimama mahali pale pale. Alishika fremu kwa mikono miwili kama mtu anayembatiza mtoto, akaigusisha kwenye jiwe, na mimi nikafungua macho kabisa. Nilihesabu moyoni mpaka tatu kabla sijafungua mdomo.

"Nyeupe, Fundi."

"Nyeupe ya maziwa ama ya umeme?"

"Ya umeme."

"Zinakufa hapo hapo ama zinaenda?"

"Zinaenda mpaka kwa mlango."

Akazima. Akakaa, akapangusa mikono ambayo haikuwa michafu. "Basi leta glavu zingine," akasema.

Kostiki tulipata kwa mama mmoja wa sabuni. Fundi alikata kiti kwa msumeno, bomba likabaki wazi juu, akaliziba kwa chini na kipande cha mti kilichozungushiwa mpira wa tairi. Mimi nilipaka mafuta mazito pembeni, kama ninavyopaka masikio ya mteja, nikavaa glavu na miwani ya kuchomelea, nikamimina kostiki ndani ya bomba. Tulikuwa nje, mbali na kila mtu. Ikaanza kuchemka yenyewe bila moto, ikitoa povu na uchafu mweusi. Wateja wa saluni walitoka na rola kichwani kuja kutazama, mmoja akauliza kama hiyo ndiyo dawa tunayowapaka. Nilimwambia hii ni dada yake ile dawa. Tulimwaga ya zamani, tukaweka mpya, siku nzima na nusu ya siku iliyofuata. Mchana wa siku ya pili Fundi aliingiza koleo, akavuta, na kilichotoka kilikuwa chembamba kama ganda la yai. Fremu ilibaki nzima. Tuliiosha kwa maji mengi na siki. Yeye aliingiza kidole ndani ya lile tundu akakizungusha, taratibu, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Rangi ya kijani tuliitoa wiki hiyo hiyo. Kisha tukaijenga upya. Uma mpya wa mbele, wa chuma kigumu, usio na springi, kwa sababu alisema springi ni kitu kingine cha kuharibika. Breki za kisasa zaidi badala ya zile za zamani zilizolia kama mbuzi. Mbele tuliacha duara moja la meno badala ya matatu, nyuma tukaweka gia tisa, zenye nafasi ya kupanda hata ukuta. Magurudumu alisuka mwenyewe, redio ikiwa imezimwa. Bomba jipya la kiti alilipaka grisi kama mtu anayepaka mkate siagi, na akaniapisha kwamba kila mwezi nitalitoa, nilipanguse na kulipaka tena, lisije likaganda mara ya pili.

Urefu wa kiti alipima kwa kiganja, kutoka kwenye nyonga yangu mpaka chini, akakaza. Nikapanda, nikaenda mpaka kwa nguzo ya stima, yeye amegeukia ukuta. Niliporudi akasema mashine haisemi kitu, na baiskeli isiyosema kitu ni baiskeli nzuri. Akauliza kama kiti kiko sawa. Nikamwambia kiko sawa kabisa.

Nilishindana Chepkoilel. Nilikuwa katikati ya kundi, mbele ya wengi na nyuma ya wengi, na msichana mmoja wa shule aliyevaa sketi ya shule alinipita kwenye mteremko akinisalimia kwa heshima. Nilivuka mstari nikiwa mwekundu mpaka kwenye kope. Sijawahi kufurahi hivyo maishani. Fundi alisimulia mtaa mzima kwamba nilikuwa wa pili. Sijui wa pili kutoka wapi.

Halafu akafunga karakana. Hakuaga vizuri. Binti yake alikuja na pikapu, wakabeba jiliwa na mashine, na yeye akaenda nyumbani kwake, kupita mji wa Turbo. Ukutani paliachwa msumari mtupu. Saluni ilikosa yule wa kugonga bati, na uongo juu ya waume ukaongezeka.

Nilimwona tena mwezi uliopita, Jumatatu, siku tunayofunga. Niliendesha mpaka kwake, malori ya mahindi yakinipiga na upepo njia nzima. Nilimkuta kwenye benchi nje ya nyumba, anapukuchua mahindi, na jicho la kulia lilikuwa limefanyiwa upasuaji. La kushoto lilikuwa linangoja zamu yake. Mkono wa kikombe ulikuwa umetundikwa juu ya mlango.

Aliinua kichwa kabla sijasalimia, kama zamani, kwa sababu ya mlio. Lakini mara hii hakugeuka ukutani. Alitazama. Aliitazama baiskeli kuanzia mbele mpaka nyuma, na mimi nikasubiri, kwa sababu njiani nilikuwa nimeshaota jinsi atakavyoshangaa.

"Hii?" akasema.

"Ndiyo hii, Fundi."

"Ni kijivu tu. Kama sufuria." Akasogea karibu. "Mimi nilikuwa nadhani inang'aa. Mbona haukuniambia?"

"Haukuniuliza."

Akacheka mpaka mahindi yakamwagika. Kisha akaniangalia mimi, akasema kumbe nina mwanya kwenye meno, na kwamba kwa sauti alinidhania mzee zaidi. Nikamwambia aendelee tu na baiskeli.

Akaniambia nizunguke uwanja. Nikazunguka, kuku wakikimbia. Akasema nizunguke tena. Mara ya tatu akainua mkono nikasimama.

"Kiti kiko sawa?" akauliza.

"Kiko sawa kabisa."

Alinitazama na lile jicho moja jipya, na mimi nikasikia kichwani ile mashine ya kunolea ikilia kabla fremu haijagusa jiwe. Goti langu la kushoto lilikuwa likiniuma tangu siku alipokikaza kile kiti. Kila nikikanyaga pedali ilibidi niyumbe upande mmoja kuifikia. Nilikuwa nimelivumilia muda wote huo kwa sababu ule urefu aliupima yeye kwa kiganja, katika siku zake za mwisho karakanani, na sikutaka mtu aseme alikosea.

"Kiko juu, Fundi," nikasema. "Kidole kimoja. Goti linauma."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokiweka."

Akatoa ile spana mfukoni. Akalegeza, akaweka kiganja juu ya kiti, akabonyeza. Bomba likashuka kidole kimoja bila kutoa sauti, likiwa na grisi safi ya mwezi huo. Akakaza. Akarudi kwenye benchi lake akakaa, uso ukiwa umenielekea.

"Haya," akasema. "Zunguka uniambie."